Merikebu Chini ya Kitanda

Jumatano, 6 Machi

Mgongo umegoma. Jana asubuhi mimi na Kifungo, mwenzangu wa kazi, tulikuwa tunatoa mashuka mabichi kwenye mashine, tukayavuta pamoja kama siku zote, nikasikia kitu kiunoni kikisema "tak!" Nikabaki nimeinama vilevile, kama mtu aliyeangusha sindano. Kifungo akacheka, akidhani natania. Alipoona machozi yananitoka akanishika makwapani, akanikalisha juu ya rundo la mablanketi, akapiga kelele mpaka wakaja madaktari wawili. Kufua nguo za hospitali kuna raha hiyo moja: ukianguka, umeshafika.

Nimepewa wiki mbili za kulala chali. Mume wangu kaninunulia daftari hili. "Andika," kasema, "la sivyo maneno yote utanimalizia mimi."

Ijumaa, 8 Machi

Mvua kutwa. Dari yetu naijua yote sasa.

Jumapili, 10 Machi

Shemeji, mdogo wake mume wangu, kaja kuniona na boksi refu kwapani. Ndani kuna merikebu. Yaani kuna vibao vyembamba kama utambi, vijiti, uzi, vitambaa vya tanga, na mchoro mkubwa uliokunjwa kama shuka la mtoto. Merikebu yenyewe iko kwenye picha ya kifuniko tu, milingoti miwili, nzuri ajabu.

"Nilinunua niijenge mimi," kasema shemeji. "Nikafungua, nikaona vipande, nikafunga. Hii inataka mtu asiyeweza kwenda popote."

Nimecheka mpaka mgongo ukanikemea. Mimi mwanamke wa mashuka, merikebu nitaijulia wapi? Kaliacha boksi juu ya kabati, kaondoka.

Jumatano, 13 Machi

Leo nimeweza kukaa, nimelifungua boksi. Mchoro unaonyesha kwamba lile pande refu la chini, linaloshikilia kila kitu, ndilo mkuku. Yale yanayosimama juu yake kama mbavu za samaki ni mataruma. Kijitabu kinaonya: panga vyote vikavu kwanza, anayeanza hukimbilia gundi akajuta.

Nimekimbilia gundi. Nimejuta. Taruma la tatu limesimama upande kama mlevi. Nimelibandua kwa maji moto na ncha ya kisu, nikaanza upya, mara hii yakiwa makavu, nikipima kila moja kwa kona ya boksi la viatu.

Mume wangu karudi kutoka kazini kanikuta sijapika, sijawasha taa, na sijui siku ilikwenda wapi.

Jumamosi, 16 Machi

Kifungo kaja na machungwa. Amekaa kwenye ukingo wa kitanda, viatu mkononi kwa sababu ya tope. Huyu tumesimama naye kwenye mashine ya pasi miaka mpaka watu wanatuita kwa jina moja. Jina lake hili alilipata kwa kuokota vifungo vinavyong'oka kwenye nguo za wagonjwa na kuvishona tena kila kimoja mahali pake, kazi ambayo hakuna aliyemtuma.

Kasema mvua inawatesa. Kambani hakukauki kitu, kila shuka linapitia kwenye rola. Rola, ile mashine ya pasi yenye silinda za moto, ni ya watu wawili: mmoja analisha shuka mbele, mwingine anapokea nyuma na kukaa karibu na swichi nyekundu. Sasa yeye analisha, anazunguka mbio, anapokea. Bi Saa, msimamizi wetu, kamwambia avumilie, hakuna mtu wa kuletwa kwa wiki mbili tu.

"Pona polepole, dada," kaniambia akivaa viatu. "Usije ukaharakisha kwa ajili yangu."

Jumatatu, 18 Machi

Kipande kimedondoka chini ya meza. Nimeinama, nimekiokota, nimenyanyuka. Ndipo nikagundua nilichofanya. Nikainama tena, makusudi. Nikainama upande wa kulia, upande wa kushoto. Hakuna kitu. Mgongo mpya.

Badala ya kufurahi, nimegeuka kutazama mlango kama kuna aliyeniona.

Jumatano, 20 Machi

Nimeenda kwa daktari aniruhusu kurudi kazini. Hilo ndilo lililonitoa nyumbani, naapa. Akanibonyeza kiuno: "Hapa?" Nikasikia mdomo wangu unasema, "Hapo hapo, daktari. Hapo hapo." Akaandika wiki mbili nyingine bila kuinua uso.

Nimetembea kama bibi kizee mpaka nilipovuka geti, na mita chache zaidi kwa usalama.

Nitajitetea humu, maana hakuna pengine. Tangu msichana nafua damu za watu. Nyumbani napika kinacholiwa, napiga pasi kinachovaliwa. Merikebu hii haihitajiwi na mtu yeyote. Sijui kueleza utamu wa jambo hilo.

Jumamosi, 23 Machi

Mbao za ubavuni! Kila ubao unalowekwa kwenye maji ya moto, halafu unakunjwa kufuata umbo. Kijitabu kinahangaika kurasa tatu kueleza namna ya kukunja. Mimi nimewasha pasi, nikatandika kitambaa kibichi, nikaupitisha ubao chini ya mvuke. Ukanyenyekea. Nimeubana kwa vibanio vya nguo. Unaweka mmoja kulia, mmoja kushoto, kwa zamu, la sivyo mkuku unapinda na chombo kizima kinakuwa kama ndizi.

Nimeimba.

Jumatatu, 25 Machi

Mume wangu kanikuta nimechuchumaa sakafuni natafuta kibanio.

"Mgongo huo umepona lini?"

Nikajishika kiuno, nimeshachelewa. Akacheka sana, akanyoosha kidole kama hakimu. "Wewe mwanamke! Haya, siri yako na yangu." Kisha akaenda kuoga, akatoka na shati nililompigia pasi asubuhi. Nimempenda sana leo kwa kuninyamazia.

Jumapili, 31 Machi

Aibu. Sijui nianzie wapi.

Kifungo kabisha hodi nikiwa na ubao wa tano mkononi, mbichi, gundi imeshapakwa. Nimesukuma merikebu chini ya kitanda, vibanio na vyote, nikajitupa juu ya godoro na kuvuta shuka mpaka kidevuni. Mume wangu akaenda kufungua polepole kuliko kawaida yake, Mungu ambariki.

"Harufu gani hii?" kauliza Kifungo akiingia.

"Dawa ya kuchua," nikasema.

"Kali!" Akafurahi. "Kali ndiyo inayoponya."

Amekonda. Mikono yake imebabuka kwenye viganja kwa joto la mashuka. Nikamuuliza habari za kazi, akasema kazi ni kazi. Halafu akaona kapu la nguo chafu kwenye kona. Nilikuwa nimeacha kufua kwa siku kadhaa, kwa ajili ya zile mbao. Akasimama. Nikamwambia aache. Akasema, "Utafua na mgongo gani?" Akalibeba kapu hadi uani, akajikunja kwenye karai chini ya bati linalovuja, siku yake pekee ya kupumzika, akafua nguo zangu, na za mume wangu, na taulo nililofutia gundi.

Mimi nimelala kitandani mzima kama ng'ombe, namsikia akifikicha. Nilisema moyoni: akirudi ndani nitamwambia. Karudi ndani, kakausha mikono kwenye sketi yake, kanishika paji la uso kama mama. Nikafumba macho.

Alipoondoka nimevuta merikebu. Ubao wa tano ulikuwa umekaukia vibaya, umetoka nje ya mstari. Nikaanza kulia, na naandika ukweli: sijui nililia kwa ajili ya nini.

Jumanne, 2 Aprili

Nitarudi kazini kesho. Nimeshapiga pasi sare.

Jumatano, 3 Aprili

Nimepita kwa daktari kwanza. Wiki moja tu, ya mwisho. Zimebaki mbao chache kufunga ubavu wa kulia.

Ijumaa, 5 Aprili

Bi Saa kapiga simu. Tunamwita hivyo kwa sababu haongei na mtu bila kutazama mkono wake wa kushoto. Akauliza kama nitarudi Alhamisi bila kukosa. Nikajibu kwa sauti ya kuumwa. Akasema, "Nakuombea, mama." Nimekasirika. Mwanamke huyu hana huruma, nikajiambia, anataka mikono yangu tu. Hasira imenisaidia siku nzima.

Jumapili, 7 Aprili

Kifungo hakuja. Nimeshukuru.

Jumatatu, 8 Aprili

Nimefunga ubao wa mwisho. Nyufa nimeziba kwa unga wa mbao uliotoka kwenye msasa, nikiuchanganya na gundi, kisha nikasugua tena mpaka mkono ukawa unateleza kutoka omo, yaani pua ya chombo, hadi nyuma bila kukwama. Nimekaa nimeipakata mapajani kama mtoto. Mvua imetulia kidogo.

Jumanne, 9 Aprili

Kifungo kaumia.

Jumatano, 10 Aprili

Naandika yote.

Jana, kabla ya chakula cha mchana, shuka lilijikunja likiingia kwenye rola. Ni jambo la kila siku. Anayelisha anapiga kelele, wa nyuma anabonyeza swichi nyekundu, rola linasimama, shuka linanyooshwa. Kifungo alikuwa peke yake. Akanyoosha mkono kulikunjua. Mkono wa sare ukashikwa, na kiganja kikafuata. Swichi iko upande wa pili, hakuifikia. Mpokeaji wa nguo chafu alisikia ukelele kutoka chumba cha tatu, ndiye aliyekimbia kuzima.

Hayo kanisimulia huyo mpokeaji kwa simu. Akamaliza kwa kusema, "Afadhali wewe hukuwepo, ungeona jambo baya."

Nimekwenda wodini. Sikutembea kama bibi kizee. Nilikimbia ngazi zote, na hakuna aliyeliona hilo kwa sababu hakuna aliyekuwa ananitazama mimi. Kifungo amelala kwenye shuka ambalo pengine alilipiga pasi mwenyewe. Mkono wa kulia umefungwa mpaka kwenye kiwiko. Amepewa dawa, macho mazito.

"Dada," kasema. "Umekuja na mgongo huo?"

Nimekaa, nimemshika mguu juu ya blanketi. Nikashindwa kumwambia.

Alhamisi, 11 Aprili

Siku yangu ya kurudi kazini. Rola limefungwa kamba ya njano. Mashuka yanatumwa kufuliwa kwingine.

Nilimkuta Bi Saa kwenye chumba cha kufulia, mikono ya blauzi imekunjwa, viganja vimebabuka kama vya Kifungo. Ndipo nikajua. Wiki zote hizo, kila alipomaliza makaratasi yake, alikuwa anasimama nyuma ya rola mwenyewe. Juzi alitoka kwa muda kwenda utawala kuwabembeleza walete mbadala wangu. Alikuwa anaomba mtu ndipo ukelele ulipotoka.

"Sasa wanasema kosa ni lake," kaniambia. "Aliendesha mashine peke yake kinyume cha taratibu. Wakilishikilia hilo, watamwondoa." Hakutazama saa hata mara moja. "Na mimi ndiye niliyemwambia aendelee. Nimewaeleza, hawasikii."

Huyu ndiye niliyemkasirikia kutwa nzima Ijumaa ile.

Jioni nimemwambia mume wangu kwamba nitasema kila kitu. Akaacha kula. "Useme nini? Wewe hukumtia mkono kwenye mashine. Daktari kaandika, mihuri ipo. Ukisema utapoteza kazi na mkono wake hautarudi." Nikamtazama. Aliyasema kwa upole, kwa mapenzi hata. Ni ule ule ukimya wake niliousifu humu. Si lazima awe mtu mbaya. Amefaidi mke nyumbani, mashati yaliyonyooka, na chai anaikuta mezani. Lakini uongo ule ulikuwa na wenyewe wawili, na mmoja wao sasa alitaka kuniachia niubebe peke yangu.

Ijumaa, 12 Aprili

Nimeanza na Kifungo. Niliona si haki asikie kwa mtu mwingine.

Alikuwa amekaa, anakunywa uji kwa mkono wa kushoto, unamwagika. Nilitaka kumsaidia, akakataa. Nikasema yote nikiwa nimesimama. Mgongo ulipona tarehe ngapi. Daktari nilimdanganya mara mbili. Siku ile ya kapu la nguo. Harufu.

"Haikuwa dawa," akasema.

"Ilikuwa gundi."

"Gundi ya nini?"

Nikamwambia. Kusema neno merikebu mbele ya mkono ule! Nilitamani ingekuwa kitu kingine, hawara, pombe, kitu ambacho watu hukielewa.

Akaweka kikombe chini. Hakulia, hakupaza sauti. Akageukia dirishani.

"Nitaichoma leo," nikasema. "Nikifika tu nyumbani."

Hapo ndipo aliponigeukia. "Ukiichoma, mimi nimeungua bure. Usithubutu." Kisha akasema, "Toka, dada. Toka kabla sijapata maneno."

Jumatatu, 15 Aprili

Utawala. Watu watatu na meza ndefu. Nimesema Kifungo alikuwa peke yake kwa sababu yangu, na kwamba chumba kizima kilijua yuko peke yake, na Bi Saa aliomba mtu mara nyingi akanyimwa. Mmoja akaniuliza kama naelewa ninajitia hatiani. Nikasema naelewa. Bi Saa alikuwa pembeni, akatikisa kichwa polepole, sikujua ni kwa kunisikitikia au kunishangaa.

Jumatano, 24 Aprili

Wameamua. Kifungo atatibiwa kama mtu aliyeumia kazini na nafasi yake ipo, atahamia chumba cha kushona atakapoweza. Mimi sikufukuzwa. Nimepelekwa kupokea nguo chafu, chumba cha tatu, kuchambua ya damu na isiyo ya damu, na likizo ya mwaka huu wameikata. Watu wananisalimia kwa adabu ya kutisha.

Daktari wake anasema vidole viwili havitakunjika tena sawasawa.

Ijumaa, 3 Mei

Kazi. Mvua. Kazi.

Jumapili, 12 Mei

Merikebu iko mezani, haiko tena chini ya kitanda. Kwa kuwa nimekatazwa kuichoma, naijenga. Nimesimamisha mlingoti wa kwanza. Ni kazi ileile, uzi uleule, lakini siimbi. Mume wangu anapita nyuma ya kiti changu bila kusema kitu. Juzi alijipigia pasi shati mwenyewe, akaunguza kola, akalivaa hivyohivyo.

Jumatatu, 20 Mei

Nimekutana na Kifungo kwenye korido. Karudi, yuko chumba cha kushona. Nikasema, "Habari za asubuhi." Akasema, "Nzuri." Akapita. Nimelirudia hilo "nzuri" siku nzima nikilitafutia maana.

Ijumaa, 24 Mei

Leo kasimama mlangoni kwangu, katikati ya magunia ya nguo. Alikuwa na uzi mweupe umening'inia begani.

"Sijakusamehe," akasema.

"Najua."

"Jumapili nakuja. Nataka kuiona."

Jumapili, 26 Mei

Amekuja. Mvua imekoma tangu Alhamisi, viatu vyake vilikuwa vikavu, akavivua hata hivyo. Mume wangu akamkaribisha, akamwita shemeji, akakosa pa kuweka mikono, mwishowe akaenda dukani kununua kitu ambacho hatukihitaji.

Kifungo akavuta kiti akakaa mbele ya meza, mkono mbaya mapajani. Aliizunguka kwa macho kuanzia omo.

"Ndiyo hii?"

"Ndiyo hii."

"Ndogo," akasema. "Nilidhani ni kubwa."

Akaniambia niendelee na nilichokuwa nafanya, hakuja kunikatiza. Nikakaa, nikaanza kufunga kamba za mlingoti wa pili. Fundo likafunguka, nikalifunga, likafunguka. Niliona vidole vyake viwili vimenyooka vile, vyekundu, ngozi mpya inang'aa.

"Nilivyokuwa nafua pale uani," akasema baadaye, "ulikuwa unanisikia?"

"Nilikuwa nakusikia."

"Na kabla sijaja. Siku zile ulizokaa hapa peke yako na huu mchezo. Ulikuwa unafurahi?"

Nilijua jibu la heshima. Nilijua ningeweza kusema kwamba roho ilikuwa inanisuta kila dakika, na isingekuwa uongo wote. Uzi nilikuwa nimeushika katikati ya meno. Nikautoa.

"Ndiyo," nikasema. "Nilifurahi sana, Kifungo. Sijawahi kufurahi vile."

Jirani alikuwa anaanika nguo nje, tukasikia kamba ikilia.

"Afadhali umesema," akasema. "Ungeniambia hapana, nisingerudi tena humu ndani."

Kisha akauliza kama chai ipo.